Gunia la Mbegu

Kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga hapa Ifakara nimezoea kupiga kelele, na kusikiliza nimesahau. Juzi alikuja Baba Salome, mzee ambaye kiharusi kilimnyang'anya maneno, akisukuma baiskeli yenye magunia mawili.

"Shikamoo, mzee. Nikoboe yote?"

"Ndiyo."

Nilipobeba la pili akaning'ang'ania mkono. "Ndiyo! Ndiyo!" Machozi yakamlengalenga. Mimi mjuaji nikawageukia wateja: "Mzee huyu ana hamu ya wali!" Wakacheka, nami nikalimimina lote mashineni.

Mkewe alifika mchele ungali wa moto. Akaduwaa.

"Mwanangu, hili lilikuwa la mbegu. Lilikuwa lisubiri hapa lori la kwenda shambani kwetu Mchombe. Mvua ndiyo hizi, tutapanda nini?"

"Mama, nilimuuliza, akasema ndiyo!"

"Hana neno lingine. Sisi tunamwonyesha vitu, anagusa anachotaka."

Akaokota punje za mpunga sakafuni, akaziweka kwenye kiganja kimoja, na mchele kwenye kingine, akamnyooshea mumewe. Mzee hakusita. Aligusa mpunga, kisha akanitazama mimi.

"Ndiyo," akasema taratibu.