Upande wa Nyuma wa Mwalimu Edah

Edah Kemunto alifundisha ushonaji kwa miaka ishirini na mitatu: kumi na miwili katika chuo cha ufundi kule Keroka, na kumi na mmoja katika shule ya sekondari hapa ughaibuni, Bordesley Green. Nilimfahamu kanisani, ambako nusu ya akina mama walivaa nguo alizoshona yeye. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mkisalimiana, mkono wake mmoja ulikuwa tayari umeshika upindo wa gauni lako, aone fundi wako amefanya kazi gani.

Shule yenyewe ni ya matofali mekundu, na walioijenga zaidi ya miaka mia moja iliyopita waliigawa pande mbili. Mbele, penye ngazi na saa kubwa, kulikuwa na masomo ya vitabu: hesabu, historia, sayansi, Kifaransa. Nyuma, ng'ambo ya uwanja, kulikuwa na ufundi: chumba cha useremala, karakana ya chuma, jiko, na chumba cha cherehani cha Edah. Mtoto akikaribia miaka kumi na minne hupewa fomu ya kuchagua masomo. Haikuandikwa popote kwamba wenye akili wabaki mbele na wengine wavuke uwanja, lakini hakuna aliyehitaji kuandikiwa.

Karakana ya chuma ilikuwa mikononi mwa Tarsem, mzee wa Kisikh mzaliwa wa Kisumu. Alikuja kufundisha baada ya kiwanda cha magari alichofanyia kazi Washwood Heath kufungwa. Mchana yeye na Edah walikula pamoja, wakiongea Kiswahili, naye Tarsem akilalamika kwamba chai ya shule ni maji ya kuoshea vikombe.

Edah alikuwa na mtoto mmoja, Magdalene, aliyemleta huku akiwa na miaka mitatu, baada ya baba yake kufariki. Magdalene alikielewa Kiswahili vizuri lakini alijibu kwa Kiingereza siku zote. Alisoma shule hiyo hiyo ya mama yake. Akiwa na miaka kumi na mmoja alijishonea sketi ya zipu, na zipu ikakaa sawasawa mara ya kwanza. Edah aliigeuza ndani nje akitafuta kosa, asilipate. Aliniambia hayo miaka mingi baadaye, kama mtu anayeungama.

Ilipofika zamu ya Magdalene kuleta fomu, aliiweka mezani mama yake akila.

"Futa hapa," Edah alisema, kidole kikiwa kwenye neno ushonaji.

"Lakini ndicho ninachokipenda, Mum."

"Kukipenda ni sawa, utashona hapa nyumbani. Shuleni utachukua historia na Kifaransa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu upande ule ni wa watoto walioshindwa."

Magdalene alimtazama. "Wewe ndiye mwalimu wao."

Edah alilifuta neno lile mwenyewe, akaandika somo jingine juu yake, akatia sahihi. Alifikiri anamwokoa. Kule Keroka aliwahi kuona wasichana wake wenye mikono mizuri kabisa wakiishia kwenye veranda za maduka, wakibandika viraka. Hakuvuka bahari ili mwanawe afuate njia hiyo.

Wiki tatu baadaye mwalimu mkuu aliwaita walimu wa nyuma. Alikuwa mama mpole, na alizungumza kwa upole. Alisema shule inapimwa kwa matokeo ya masomo ya mbele, na kwamba kuanzia mwaka huo darasa la ufundi lisilofikisha watoto kumi na watano halitafunguliwa. Karakana ya chuma ilikuwa na tisa. Ushonaji ulikuwa na kumi na wanne.

Edah aliniambia alisikia nambari hiyo masikioni kwa muda mrefu baada ya mama yule kuendelea na mengine. Walipotoka, alimwambia Tarsem kuhusu ile fomu. Mzee alisimama katikati ya uwanja.

"Dada, mimi wanangu wawili niliwapeleka mbele," alisema. "Hakuna hata mmoja anayejua kushika tupa ya kusugulia chuma. Usijilaumu, sisi sote tulifanya hivyo."

"Nirudi nikamwambie mwalimu mkuu nabadilisha fomu?"

"Rudi. Jaribu."

Alirudi. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia orodha imeshapelekwa, tena angeona aibu kumhamisha mtoto kwa ajili ya kulinda kazi ya mama yake. Edah alirudi darasani, akijua kwamba kwa nje ndivyo ilivyoonekana.

Madarasa yaliyokuwa yameanza yaliachwa yamalize. Kisha wakaja wanaume na lori, wakachukua mashine za kukereza chuma na majiliwa ya kubania vyuma, halafu cherehani ishirini na nne, zote zimetiwa mafuta, maana Edah alishinda siku nzima akizitia. Tarsem alistaafu, akahamia kwa mwanawe Leicester. Edah alipewa chaguo: aondoke, au asimamie chumba cha watoto wanaotolewa darasani kwa utovu wa nidhamu. Alibaki. Chumba walichompa ni kile kile chake, kimegawanywa kwa mbao kuwa vibanda, kila mtoto akiutazama ukuta. Kazi yake ni kuhakikisha hawaongei.

Magdalene alifanya mitihani tisa, akapita mitatu. Siku ya matokeo alimpa mama yake karatasi, akaenda kulala saa nane mchana. Sasa ana miaka kumi na tisa, anafanya kazi katika ghala moja Washwood Heath, kwenye nguo zinazorudishwa na wateja. Yeye huzikagua. Nzuri hurudi rafuni, mbovu hutupwa.

"Mbovu vipi?" Edah alimuuliza jioni moja.

"Hata upindo ukifumuka tu."

"Upindo! Hiyo si kazi ya dakika tano?"

"Sijui, Mum. Mimi sishoni."

Edah aliweka kijiko chini. "Njoo Jumamosi nikuonyeshe tena. Mikono haisahau."

"Jumamosi niko kazini."

"Basi Jumapili, tukitoka kanisani."

"Nimechoka, Mum," Magdalene alisema, bila hasira. Edah aliniambia afadhali angekuwa na hasira.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Magdalene alihamia chumba kimoja Aston na wenzake wawili wa ghalani. Hupiga simu mara moja moja, nao huongea kuhusu baridi na mabasi. Edah hashoni tena. Niliwahi kumpelekea kitambaa cha harusi ya mpwa wangu, akakishika, akakikunja vizuri, akanirudishia, akaniambia kuna mama Mkongo huko Aston anayeshona haraka. Kisha akaniaga, maana kesho yake ni shule, na alitakiwa kufika mapema afungue kile chumba kabla watoto hawajaletwa.