Gitaa lilivyokula herufi za wimbo wa kwaya, lawama nikabebeshwa mimi

Wakubwa zangu humu shikamooni. Wa rika langu, mambo.

Wakuu, hiki ni kisa changu mwenyewe, hakuna cha "rafiki yangu mmoja". Nakiandika kikavu kama kilivyotokea. Anayetaka chumvi aongeze kwake.

Niko kidato cha tatu, naishi Lushoto, huku ambako sweta ni nguo ya ndani.

Likizo hii nilikabidhiwa gitaa la kwaya ya vijana. Ndilo gitaa pekee la usharika na kwa kawaida linafungiwa kabatini. Kulipiga nalipiga, ila sifa yangu si nzuri. Kuna mtu aliwahi kubadilisha mlio wa simu ya mhazini ukawa sauti ya mbuzi, ukalia katikati ya maombi. Upelelezi bado unaendelea.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Elieza, alinipa kwa sharti. Nirekodi video ya kufundisha wimbo alioutunga, niseme maneno huku napiga gitaa, niirushe kwenye chaneli yangu ili wenzetu wa Malindi wajifunze wakiwa kwao. Baadaye tungeimba nao kwenye tamasha la vijana.

(Malindi yetu ya milimani, siyo ile ya Kenya yenye bahari. Ukija na kaptula utajijua.)

Video ikiwa safi, gitaa nakaa nalo mpaka shule zifunguliwe. Ikiwa mbovu, linarudi kabatini na chaneli yangu inakufa kifo cha kawaida.

Kiitikio cha wimbo ni kifupi: "Umenigusa, nimepona." Kinarudiwa mpaka kikukae.

Nikarekodi sebuleni. Simu nikaiegemeza kwenye kopo juu ya stuli, ikatazama tundu la gitaa. Nyuzi nilizikwaruza kwa kipande cha mfuniko wa ndoo ya rangi, kigumu balaa.

Mara ya kwanza akaingia mama jirani. Huku kwetu mkubwa akiingia hukai kimya eti unarekodi. Shikamoo, habari za shamba, habari za ng'ombe, habari za ng'ombe wa shemeji. Nikaanza upya. Mara ya pili mvua ikapiga bati. Ya tatu ikapita, nikairusha.

Kabla ya kuirusha niliisikiliza. Nilisikia kila neno.

Watu wa Malindi walijifunza kwa moyo. Wakajifunza vizuri kiasi kwamba hawakungoja tamasha, wakaimba ibadani Jumapili.

"Umenigusa, nimekoma."

Wakuu. Nimekoma. Sauti nne, macho wamefumba, mikono juu.

Habari hizi alizileta Dada Naomi, kiongozi wao, aliposhuka Lushoto kumleta bibi yake kliniki ya mguu. Alisema mchungaji aliinamisha kichwa, watu wakadhani anaomba.

Nikaitwa kanisani, niende na gitaa.

Dada Naomi hakuzunguka. Alimwambia Mwalimu, "Huyu mtoto kafanya makusudi. Si ndiye yule wa mbuzi?"

Nikasema upelelezi bado unaendelea. Haikusaidia.

Tatizo langu ni hili: safari hii nilikuwa sina kosa kabisa, na sina uzoefu wa kutokuwa na kosa. Nilijitetea vibaya. Nilicheka sehemu ambayo mtu mwenye haki huwa analia.

Mwalimu akanyoosha mkono apewe gitaa. Nikamwomba anipe nafasi moja tu, nirekodi palepale mbele yao kama nilivyorekodi nyumbani. Akafikiri, akakubali.

Simu nikaielekeza kwenye tundu, nikakwaruza na mfuniko wangu, nikaimba "nimepona" wote wakiniangalia mdomo. Kisha nikaomba aitwe mtu asiyeujua wimbo. Aliyekuwa nje ni mhazini. Ndiyo bahati yangu ilivyo.

Mhazini akaweka simu sikioni, akasikiliza, akanitazama.

"Amekoma nini huyu?" akauliza. Halafu akaongeza kwamba hata kama hajui nimekoma nini, ni jambo zuri.

Mwalimu akashusha mkono.

Nikawaeleza nilichokuja kuelewa nikiwa njiani. Gitaa likipigwa kwa nguvu mbele ya simu, simu inajipunguza sauti yenyewe, na mdomo wangu uko mbali, basi unapunguzwa nao. Zinazobaki ni vokali. Nimepona, nimekoma, vokali ni zilezile. P na N zimeliwa na mfuniko wa ndoo, masikio yakajazia K na M. Mwalimu wangu wa Kiswahili, kama uko humu, nimetumia somo lako.

Na mimi nyumbani nilisikia kila neno kwa sababu maneno nilikuwa nayajua.

Dada Naomi akasema maelezo ni matamu, ila yeye anataka kusikia.

Nikapanga vitabu vya nyimbo juu ya benchi mpaka simu ikafika usawa wa kidevu, karibu na mdomo, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Gitaa nikaligeuza litazame upande wa pili. Mfuniko nikauweka mfukoni, nikapiga kwa nyama ya dole gumba, taratibu. Nikaimba, nikacheza ile rekodi kwa sauti.

Kabla hatujasema kitu, bibi yake Dada Naomi, aliyekuwa anapumzika baada ya kliniki, akaongea kutoka benchi la nyuma, mguu kaunyoosha.

"Mbona mmeubadilisha?"

Dada Naomi akamjibu, "Bibi, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Nimepona."

"Nimesikia nimepona. Mimi mguu haujapona. Ila kukoma nimekoma. Ule wa kwanza ndio wangu."

Mwalimu Elieza akageuka kutazama dirisha. Mabega yalikuwa yanatikisika. Dada Naomi alijitahidi, mwisho akaweka kitenge mdomoni.

Aliporudi kutuangalia, Mwalimu alisema gitaa nibaki nalo, video ya kwanza niifute leo, na mfuniko nimpe yeye. Mfuniko alininyang'anya kabisa.

Tamasha limepita. Tuliimba nimepona, wa Lushoto na wa Malindi. Bibi alikaa mstari wa mbele akaimba wa kwake, kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumrekebisha.

Nilichojifunza: simu ikae karibu na mdomo kuliko gitaa, mkono uwe mwepesi. Na usijipime mwenyewe. Mpe mtu asiyejua maneno, muulize kasikia nini. Akikuuliza umekoma nini, rudia.

Wenye uzoefu nisaidieni: ile maiki ya kubana kwenye kola inafaa ukiwa umepakata gitaa, au ndiyo inameza herufi zaidi? Na kama kwaya yenu iliwahi kuimba kitu kingine kabisa, wekeni hapa. Sitacheka.

Nitacheka kidogo.