Washindi Waliokalishwa Karibu na Jikoni

Truphena Awino hakuingia kazi ya kufundisha watoto viziwi kwa sababu ya wito. Aliingia kwa hasira, na mpaka leo hafichi.

Dada yake mkubwa, Penina, alizaliwa hasikii. Kwao, upande wa Uriri, watu walimwita momo, yaani bubu, kana kwamba ndilo jina alilobatizwa nalo. Hakupelekwa shule. Alichota maji, akalima, akaolewa. Uchungu wa kuzaa ulipomshika, mumewe alimfikisha kwenye zahanati moja ambako wauguzi walimpigia kelele asukume, asisukume, alale, ainuke. Hakuelewa lolote. Kila aliponyoosha kidole kuonyesha palipouma, waliona anasumbua. Mtoto alizaliwa amekufa.

Truphena alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi wakati huo. Alifika akamkuta dada yake ameketi sakafuni barazani, kanga imelowa, mikono imelala mapajani kama vitu visivyo vyake. Muuguzi mmoja akapita akisema, "Madam, huyu wenu hasikii vitu anaambiwa."

"Ndiyo, hasikii," Truphena alijibu. "Na ni nani hapa alijaribu kumwonyesha?"

Muuguzi aliendelea na safari yake.

Baada ya hapo Truphena aliomba ruhusa kazini akaenda kusomea elimu maalumu na lugha ya ishara. Aliporudi alipangiwa shule moja ya msingi ya umma nje kidogo ya mji wa Migori. Hapakuwa na darasa la viziwi pale. Palikuwa na ghala la zamani la mahindi, lenye panya na dirisha moja. Akapewa hilo.

Alianza na watoto wachache aliowatafuta mwenyewe, boma kwa boma, kwa miguu na kwa bodaboda. Wengine walikuwa wamefichwa. Kuna mama aliyemwambia uso kwa uso kwamba mwanawe amesafiri, huku mtoto anachungulia nyuma ya jiko. Truphena hakugombana naye. Aliinama akamwonyesha mtoto ishara ya ng'ombe, vidole viwili kwenye paji la uso, kisha akaelekeza kidole kwenye zizi. Mtoto akacheka, akairudia. Mama yule akaanza kulia, na Jumatatu akamleta.

Abdullahi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Suna, alimleta binti yake Sumayya akiwa na miaka tisa. Alikuwa amezunguka shule nyingi akifukuzwa kwa lugha ya adabu. "Mwalimu," alisema, "huyu mtoto ana akili. Mimi najua. Lakini hatuwezi kuzungumza, mimi na yeye. Nataka siku moja aniambie kitu."

Sumayya alishika ishara kwa kasi iliyomshangaza hata Truphena. Jioni moja alipokwenda nyumbani alimwambia baba yake kwa mikono, polepole kama anayefundisha mtoto mdogo, kwamba chai anayompa kila asubuhi ina sukari nyingi mno. Abdullahi alimpigia mwalimu simu akashindwa kumaliza sentensi. Wiki iyo hiyo alileta mabati mapya ya kuezeka upande mmoja wa ghala. Upande wa pili ulibaki unavuja.

Na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ilifanya nini miaka yote hiyo? Mkuu wa ofisi, Bwana Mokua, alifika mara moja tu, akasimama mlangoni bila kuingia. Truphena alimwomba mwalimu wa pili, kwa kuwa watoto walikuwa wa rika mbalimbali na yeye ni mmoja. Bwana Mokua akatabasamu.

"Mwalimu, usijichoshe. Hao ni watoto wa kukaa tu. Wakijua kuandika jina, inatosha."

Mwaka uliofuata alijaribu kulichukua ghala lirudi kuwa ghala. Wazazi wakakataa, likaachwa.

Basi fikiria Truphena alivyojisikia wageni walipofika kutoka shirika moja la kutuza elimu katika kanda ya ziwa, wakiongozwa na Bwana Mokua huyohuyo. Safari hii aliingia hadi ndani. Alimshika Sumayya begani, akawaambia wageni, "Huu ni mpango wetu. Sisi kama ofisi tuliona hatuwezi kumwacha mtoto yeyote nyuma." Wageni walipiga picha. Truphena alimwacha aseme, maana aliona watoto wanafurahia wageni.

Baada ya miezi kadhaa mwalimu mkuu alimwita akiwa na furaha: kaunti ndogo yao imeshinda tuzo ya elimu jumuishi, ya kwanza katika kanda nzima. Sherehe ingefanyika Homa Bay, katika ukumbi wa hoteli. Watoto wa darasa lake walitakiwa wafike na sare safi, waimbe wimbo wa shukrani kwa ishara.

Truphena alipiga simu ofisini. "Kutakuwa na mkalimani wa lugha ya ishara?"

"Si wewe uko?" Bwana Mokua alimjibu.

"Niko. Lakini basi niwekewe nafasi mbele, watoto wanione."

"Hiyo tutaona hukohuko."

Watoto walijiandaa kwa moyo wote. Sumayya, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, aliomba aongee baada ya wimbo, na Truphena akamruhusu. Mama zao walipiga pasi sare kwa makaa usiku kucha kana kwamba ni za arusi.

Homa Bay walikalishwa nyuma kabisa, kando ya mlango wa jikoni, ambako wahudumu walipita na sinia za samaki na ugali. Mbele yao palikuwa na safu baada ya safu za maofisa, vilemba vya kina mama, kofia. Watoto hawakuona jukwaa. Hotuba zilipoanza, Truphena alikwenda mbele akasimama pembeni ya jukwaa, akainua mikono kuwatafsiria. Watoto wakapanda juu ya viti wapate kumwona. Haikuchukua muda, kijana mwenye beji akamgusa kiwiko.

"Madam, tafadhali ukae. Unazuia kamera."

"Natafsiria watoto wangu."

"Watatafsiriwa baadaye."

Akarudishwa nyuma. Akajaribu kutafsiri akiwa kando ya mlango wa jikoni, lakini kila sinia ilipopita ilimkata katikati ya neno, na mwishowe mama mmoja aliyekaa mbele yao akalalamika kwamba ile mikono inamsumbua. Hotuba ikafuata hotuba. Kila mzungumzaji aliutaja ujumuishaji, ukapigiwa makofi. Watoto waliotajwa walikuwa wanatazama migongo.

Kisha Bwana Mokua aliitwa jukwaani. Alipokea kombe kubwa linalong'aa, akaliinua juu ya kichwa, na hilo ndilo watoto waliliona.

Sumayya alimgeukia mwalimu wake. "Nani ameshinda?" aliuliza kwa mikono.

"Nyinyi."

Msichana alitazama kombe, akatazama wenzake waliopanda juu ya viti. "Mbona amepewa yeye?"

Kabla Truphena hajainua mikono, mfawidhi wa sherehe alitangaza kwamba kwa sababu ya muda, wimbo wa watoto umeondolewa, na wageni waelekee kwenye chakula.

Hapo ndipo hasira ya miaka yote ilipompanda. Aliwaambia watoto, "Twendeni." Akawaongoza katikati ya ukumbi, kati ya meza, mpaka mbele ya jukwaa. Maofisa waliokuwa wameanza kuinuka wakakaa tena, wakidhani ni sehemu ya ratiba. Watoto wakajipanga. Truphena akamwonyesha Sumayya kwamba zamu ni yake, kisha yeye mwenyewe akasogea kando, akafumba mikono, akafunga na mdomo.

Sumayya akaanza kuongea. Mikono yake ilikwenda kwa haraka, uso wake ukisema nusu ya maneno. Mwanzoni watu walipiga makofi. Kisha wakacheka kidogo, wakaangaliana. Dakika zikapita. Mtu akauliza kwa sauti, "Anasema nini?" Mwingine akasema, "Mwalimu atuelezee!" Bwana Mokua, kombe kwapani, aliinama kutoka jukwaani.

"Madam, tafsiri! Watu hawaelewi!"

"Wangoje," Truphena alisema, na sauti yake ilifika hadi jikoni. "Hawa wamengoja tangu asubuhi. Mliwaambia watatafsiriwa baadaye. Na nyinyi mtatafsiriwa baadaye."

Sumayya hakusita. Alimaliza, akashusha pumzi, na mwalimu wake akampa ishara aanze upya. Safari hii Truphena alimsemea, neno kwa neno, bila kupamba:

"Naitwa Sumayya. Ninasoma darasa ambalo lilikuwa ghala. Mvua ikinyesha tunahamia upande mmoja. Mwalimu wetu ni mmoja na sisi ni wengi. Leo tumekaa karibu na jikoni, hatukuona mnachosema. Tunaambiwa tumeshinda. Tungependa kujua tumeshinda nini."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliyelalamika kuhusu mikono alikuwa ameinamisha kichwa. Abdullahi, aliyekuja kwa nauli yake na kusimama nje kwa kukosa kiti, aliingia akasimama nyuma ya binti yake.

Jumatatu Bwana Mokua alimwita Truphena ofisini. Kombe lilikuwa kwenye kabati la kioo, limefungwa kwa ufunguo.

"Umenidhalilisha mbele ya kanda nzima."

"Mimi nilitafsiri tu, Bwana Mokua. Maneno ni ya mtoto."

"Kuna nafasi ya mwalimu Kisiwa cha Remba. Ujiandae. Huko utawatafsiria wavuvi."

"Watoto wa Remba nao wanastahili mwalimu," alisema. "Lakini hunipeleki huko kwa ajili yao. Unanipeleka kwa ajili yako."

Amri ya uhamisho ilitoka. Wazazi walipopata habari hawakuandamana wala hawakupiga kelele. Waliwaleta watoto wao asubuhi katika uwanja wa ofisi ya elimu, na mikeka, na ubao mweusi ambao Abdullahi aliubeba kwenye pikapu yake ya dukani. Truphena akafundisha hapo, chini ya dirisha la Bwana Mokua. Kesho yake wakarudi. Kila mwananchi aliyekuja kutafuta huduma alilazimika kupita kati ya watoto wanaojumlisha kwa vidole, akauliza kulikoni, akaelezwa. Kabla ya wiki kwisha uhamisho ulifutwa, kwa maneno kwamba ulikuwa na makosa ya kiofisi.

Ningependa kusema kwamba mwalimu wa pili alikuja. Hakuja. Paa la upande wa pili bado linavuja. Bwana Mokua amepandishwa cheo, na tuzo ile ni mojawapo ya sababu zilizotajwa.

Lakini habari za Homa Bay zilisambaa. Miezi miwili baadaye walianza kufika kina mama wapya, mmoja akitokea mpakani, mwingine akiwa amevuka ziwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili asiyejua hata ishara ya jina lake. Truphena aliwapokea wote, akawabana kwenye madawati yaleyale.

"Mbona hukumleta mapema?" alimuuliza mama wa yule mvulana.

"Mwalimu, sikujua kama kuna darasa kama hili. Hakuna mtu alituambia."

Truphena aligeukia ubao ili mama yule asione uso wake. Tuzo ilikuwa imetangazwa redioni, makanisani, na katika kila baraza la chifu. Darasa halikuwa limetangazwa popote.