Alikufa kwa Kiu, Kibuyu Kimejaa

Walimkuta amelala chali chini ya mti, midomo imepasuka kwa kiu.

Pembeni yake kulikuwa na kibuyu chake cha maji.

Kibuyu kilikuwa kimejaa.

Ngojeni kwanza, msiseme uchawi. Jambo hili lilitokea kwetu, enzi za Mwingereza, na nimelisikia kwa mwenyewe: Bibi Bertila, aliyemzaa babu yangu. Niliacha shule darasa la tano ili nimuuguze. Miaka mitatu nilikaa kando ya kitanda chake, na hakuwahi kukubali nimpikie kiazi. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

Nawaandikia kama alivyonijibu.

Ilikuwa mwaka 1947. Bertila ana miaka kumi na saba, ameolewa miezi minne, kijijini si mbali na stesheni ya Igalula. Alikuwa na haya mpaka watu wakamfanya kichekesho. Ukimuuliza jambo mbele za watu, anatazama vidole vya miguu yake, na jibu linaishia mdomoni.

Mumewe, Ngollo, ndiye mtu pekee aliyekuwa na subira ya kumngoja amalize kusema.

Mwezi wa kumi wanaume tisa wakakubaliana kwenda Chunya kutafuta dhahabu. Kwa miguu. Wangeshika njia ya zamani ya misafara mpaka Tabora, wateremke Sikonge, halafu waingie pori la Ukimbu.

Mpaka Sikonge hakuna shida, vijiji vipo, watu watakupa chakula.

Shida ni kipande kimoja ndani ya pori. Siku mbili nzima hakuna kijiji, hakuna kisima, na mwezi wa kumi mito yote ni mchanga. Kila mtu anaingia na kibuyu kimoja cha maji. Maji hayo ni ya kunywa tu. Ukipika umejiua.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja: mtu abebe nini cha kula?

Kiongozi wa safari alikuwa Bundala, aliyerudi na keya, lile jeshi la Mwingereza, kutoka vitani Bama, yaani Burma. Huyo alikuwa na majibu yake.

"Twendeni Tabora mjini tukanunue makopo," akasema. "Nyama ya kopo na biskuti. Sisi kule Bama tulitembea mwezi mzima kwa vitu hivyo."

"Na ulirudi umekonda kama fimbo ya kuchungia," akajibu mama mmoja kutoka jikoni.

Watu wakacheka. Mama huyo alikuwa Minza, mama yake Ngollo. Kijiji kizima kilimjua kwa kufunga masurufu. Mtu akiwa na safari ndefu, mkewe anatumwa kwa Minza akafundishwe.

"Nyama ya kopo ina chumvi," akaendelea Minza. "Chumvi inataka maji. Hayo maji utayatoa wapi, Bundala? Utamkamua mzungu wa Bama?"

Mjadala ukaishia hapo.

Yakachaguliwa matobolwa.

Kwa msiotoka kwetu: kiazi kitamu kinakaushwa kwa njia mbili. Ukikimenya kibichi, ukakikata vipande na kuanika, hiyo ni michembe. Inakaa mwaka mzima, lakini ni migumu kama vipande vya gome, na lazima uichemshe kwa maji mengi. Ukikichemsha kwanza, ndipo ukakimenya, ukakata na kuanika, hayo ni matobolwa. Hayo yameshaiva. Unatafuna huku unatembea, yanalainika mdomoni, matamu, na yanashika tumbo.

Anayesafiri na matobolwa anafika. Michembe ni ya mtu aliyekaa nyumbani na sufuria yake.

Minza alimfundisha Bertila kila hatua. Anika siku nne. Geuza asubuhi na jioni. Usifungie yakiwa na joto la jua, ngoja yapoe, la sivyo yatatoa jasho na kuota ukungu.

"Umesikia, mwanangu? Yapoe kabisa."

"Ndiyo, mayu."

Bertila akaongeza la kwake. Alikaanga karanga, akazitwanga kidogo, akachanganya humo.

Masurufu yaliwekwa kwenye kilindo, kile kibweta cha gome la mti. Kifuniko kinashonwa kwa kamba ya gome, na desturi ni kwamba hakifunguliwi mpaka mlangoni mwa pori. Anayekishona ndiye anayebeba jina. Kikitoka chakula kizuri, sifa ni zake. Kikitoka kibaya, ni yeye.

Kabla ya kushona, Bertila alichukua msumari akakwaruza herufi moja upande wa ndani wa kifuniko. N, ya Ngollo. Alikuwa amehudhuria darasa la misheni wiki chache tu, akaiandika imegeuka, inatazama nyuma. Aliificha kwa ndani kwa sababu ya haya zake. Hakumwambia mtu.

Vilindo viwili, vinavyofanana kwa nje, vikawekwa pamoja nyumbani kwa Minza. Kimoja cha Ngollo. Kingine cha Jilala, mdogo wake Ngollo, ambaye hakuwa na mke, kwa hiyo mama yake ndiye aliyemfungia.

Asubuhi ya kuondoka Ngollo akajitwika chake, akamvuta mkewe pembeni.

"Karanga umeweka?"

Bertila akaitikia kwa kichwa.

"Nyingi?"

Akaitikia tena.

"Basi nitakula nyuma ya mti, hawa walafi wasiniombe."

Bertila akacheka kwa sauti. Aliniambia ndiyo mara ya mwisho.

Njia nzima Ngollo alijisifu. Tabora alijisifu, Sikonge alijisifu. "Subirini tufike porini," alikuwa akiwaambia wenzake. "Mtaona masurufu ya mke wangu. Huyo binti mnayesema hana mdomo, mikono anayo."

Wakafika mlangoni mwa pori. Kila mtu akafungua kilindo chake. Ngollo akaenda nyuma ya mti, kama alivyosema.

Hawakumsikia akitafuna.

"Vipi, Ngollo?" Bundala akaita. "Karanga zimekuziba koo?"

"Tamu!" akajibu. "Sigawi!"

Wakacheka, wakaendelea.

Siku ile nzima hakuna aliyemwona akila. Akiulizwa anasema ameshiba. Siku ya pili akaanza kubaki nyuma. Alasiri akainama kama anayekaza kamba za makubazi yake, akawaambia, "Tangulieni, nawafuata."

Walifika kwenye maji jua linazama. Hakufuata. Kulipokucha wakarudi kumtafuta.

Mengine nimeshawaambia.

Bundala alikipasua kile kibuyu. Ndani kulikuwa na michembe, imevimba, imebanana mpaka shingoni. Na kwenye kilindo, michembe mitupu.

Hapo wote wakaelewa. Alikuwa ameikuta michembe, hawezi kuitafuna, hawezi kupika. Akaitumbukiza ndani ya maji yake ya kunywa ili ilainike. Mdomo wa kibuyu ni mwembamba. Michembe ikanyonya maji yote, ikavimba, ikaziba. Ikawa haitoki, na maji hayatoki.

Watu wanane walikuwa pamoja naye. Angesema neno moja tu, kila mtu angempa konzi moja ya chakula na funda la maji.

Hakusema.

Wenzake waliporudi kijijini walikimwaga kile kilindo uani, mbele ya kijiji kizima. Michembe ikatawanyika miguuni kwa Bertila.

"Hiki ndicho ulichomfungia mumeo?" wakamuuliza.

Bertila alijua kwamba hakufunga michembe. Alijua kama anavyojua jina lake. Lakini uani kulikuwa na watu zaidi ya mia, na wote wanamtazama. Akatazama vidole vya miguu yake.

Kifuniko kilikuwa pale chini, hatua mbili. Angeinua macho, angekigeuza, asingeikuta ile N.

Hakuinua.

Minza alikuwa analia kwa sauti kuliko wote. Akaanguka, wakambeba.

Tangu siku hiyo Bertila akaitwa Mama Michembe. Wanawake wakianika viazi, wanamwomba apite mbali. Watoto wakamtungia wimbo. Hakuna aliyekubali masurufu yake yaguswe na mkono wa Bertila.

Baada ya mwaka wazee wakakaa kuamua nani atamrithi mjane. Jilala, aliyekuwa amerudi mzima kutoka safari ile, akasema haraka, "Nipeni mimi." Bertila akadhani ni huruma. Akamshukuru moyoni kwa miaka minane, akamzalia watoto watatu.

Mwaka wa tisa tangu safari ile, msimu wa asali, Jilala akamtuma amletee kilindo chake cha zamani kilichokuwa darini. Alitaka kuwekea masega.

Bertila akakishusha, akafungua kifuniko ili afute vumbi.

N ilikuwa inatazama nyuma.

Alikaa chini palepale. Jilala akaja kuona anachelewa nini, akamkuta anakipapasa kile kifuniko kwa kidole. Safari hii Bertila hakutazama vidole vya miguu.

"Ulikuwa unajua?"

Jilala hakubisha.

"Mpaka tulipomkuta sikujua kitu. Nilionja karanga nikasema vilindo vimepishana kwa bahati mbaya, kaka anakula matobolwa ya mayu. Nilijua Bundala alipokipasua kile kibuyu. Na siku ile walipomwaga michembe uani nikatazama chini, kama wewe."

"Na ukanyamaza miaka tisa."

"Ni mama yangu, Bertila. Ningefanyaje?"

Akakibeba kile kifuniko mpaka kwa Minza. Minza alikuwa kikongwe, macho yameanza kuingia ukungu, amekaa mlangoni anapepeta mtama. Bertila akamwekea kifuniko mapajani. Minza akakipapasa upande wa ndani, akakuta mikwaruzo.

Ungo ukaacha kwenda.

"Matobolwa yangu yalioza," akasema. "Mimi, ninayefundisha nchi nzima. Niliyafungia na joto. Nikafungua siku moja kabla ya safari, ukungu mtupu. Nyumbani ilibaki michembe tu."

"Si ungeniambia, mayu? Tungegawa yangu nusu kwa nusu."

"Nikuambie wewe? Mwali wa miezi minne, kwamba Minza ameharibu masurufu?"

Bertila akaketi chini mbele yake.

"Ulikuwa umekwenda kisimani," Minza akaendelea. "Nikaiweka michembe kwenye kilindo cha Jilala, nikashona. Halafu nikavibadilisha vilindo mahali. Jilala alikuwa mdogo, mwoga, angekufa njaa bila kusema. Ngollo wangu alikuwa mchangamfu. Nikajua Ngollo ataomba. Tangu mtoto alikuwa anaomba, hata nyumba za watu anaomba."

Minza akakigeuza kile kifuniko mapajani.

"Angejua ni ya mama yake, angeomba. Angenicheka na angeomba. Lakini aliona ni mkono wako. Sikujua angeona aibu kwa ajili yako."

Bibi Bertila aliponifikisha hapo, aligeukia ukutani.

Kijijini hakuwahi kuwaambia. Minza alikufa na sifa zake, akazikwa na watu wengi, na wanawake mpaka leo wanaanika viazi kwa maelekezo yake. Bibi naye alizikwa mwaka 2018. Nyuma ya jeneza nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu ndiye yule Mama Michembe."

Nilitaka kugeuka nimjibu. Nikatazama viatu vyangu.

Ndiyo maana naandika. Na mimi ni wa uzao wa Jilala. Yale matobolwa yangemfikia aliyefungiwa, mimi nisingekuwepo. Nimetoka kwenye kilindo kile kile.

Funzo ninalo moja tu. Ukifungua ulichofungiwa ukakuta kibaya, usikifiche kumlinda umpendaye. Piga kelele. Waache wamcheke. Wangemcheka Bibi wiki moja, wakasahau.

Badala yake alilindwa kwa siku mbili, akalipia miaka sabini.