Askari wa Malkia na Ubao Uliolala Ubavu

Nimeambiwa nisiandike majina ya watu. Sawa. Nitaandika kazi zao, atakayejitambua ajikune. Aliyenipeleka Tanga kukata mkonge ni karani wa ofisi moja ya Njombe, mwenye nyumba ya bati pale Mjimwema, mzee wa kanisa, mtu wa darasa la sita.

Nilikuwa nimeshaweka dole gumba kwenye karatasi ya manamba, vibarua wa mkonge, nangoja zamu ya kupelekwa kambi ya Makambako, ambako malori yalikuwa yakituzoa. Karani akaniita. "Mdogo wangu, bwana wa kambi anatafuta mtu wa stoo ya mablanketi. Anataka ajuaye sataranji, maana mvua ikinyesha hana wa kucheza naye. Ukimtoa jasho, hupandi lori."

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Kati ya mablanketi na mkonge, nani angefikiri mara mbili?

Karani alikuwa na ubao na kete alizoachiwa na mzungu aliyehama. Kila Jumapili baada ya ibada tulikaa kwake, akinimwagia njia za kuanzia mchezo. Mwenzako akija hivi, wewe nenda vile. Alizijua kama kumi na mbili, na zote alizichanganya.

"Kaka, mimi nina darasa la pili," nikamwambia. "Jembe moja linanitosha."

"Mwenye jembe moja hulima bustani."

"Na wewe mwenye kumi na mawili, mbona mahindi yako yamemezwa na magugu?"

Mkewe alicheka jikoni. Yeye hakucheka.

Basi nikachagua mwenyewe. Askari aliye mbele ya malkia namsukuma hatua mbili. Askofu wa upande wa malkia namtoa nje kabla mlango haujafungwa. Kisha askari mwingine hatua moja, farasi wote wawili, na mfalme namficha pembeni. Adui afanye atakavyo, mimi napanga nyumba yangu ileile. Nikipewa kete nyeusi napanga vivyo hivyo. Ile njia ya kumtoa askari bure ili upate nafasi niliikataa. Sadaka natoa kanisani. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nampiga karani michezo mitatu kati ya minne, na mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe.

Makambako upepo ulikuwa unang'oa kofia. Bwana wa kambi, mzungu mwenye kiko, alipanga kete mezani, akanipa nyeupe. Mkono ukaenda, ukasukuma askari hatua mbili. Ndipo nikatazama. Nyuma ya yule askari alikuwa amesimama mfalme. Malkia alikuwa kushoto kwake, na mimi miezi miwili nikishika nyeupe nilimzoea kulia.

"Bwana, malkia amekaa vibaya."

"Hapana. Nani nafundisha wewe?"

Nikamtajia karani. Mzungu akacheka mpaka akaweka kiko chini. Kumbe karani wetu, kabla ya ukarani, alikuwa boi wa nyumba ya yule aliyehama. Sataranji aliisoma amesimama ubavuni mwa meza na sinia la chai, hajawahi kuketi mbele ya ubao. Alichokiona kimelala, ndicho alichonifundisha kimelala. Ubao ukilala ubavu, rangi za vyumba hubadilishana, na kwa kuwa malkia hukaa kwenye rangi yake, naye akahama upande.

Nikaomba tupange upya. "Nagusa, nakwisha," akasema, yaani kete ikishaguswa hairudi. Kila nilichokijua kikawa upande wa pili. Nilipokuwa natafuta askofu wangu yuko wapi, malkia wake alishaingia. Mfalme wangu alikufa hajatoka nyumbani.

Alasiri ile nilipanda lori. Stoo akapewa shemeji wa karani, ambaye alikuwa akidhani kete za sataranji ni vifungo vya makoti. Hakuulizwa mchezo wala nini.

Nilirudi baada ya miaka miwili na jicho moja. Lingine liliingiwa na mwiba wa mkonge. Mtoto alikuwa anatembea, akaniona, akakimbilia kwa mama yake. Nikaenda kumngoja karani nje ya kanisa.

"Kaka, ubao wako ulikuwa umelala ubavu."

Akanitazama, akawatazama wazee wenzake, akarekebisha tai.

"Nilimwambia huyu," akawaambia, "ajifunze njia kumi na mbili. Akang'ang'ania moja."

Wazee wakatikisa kichwa, wakanihurumia kwa ubishi wangu.