Chumba cha Uani

Tulihama mtaa, kutoka Malambo kwenda Somanda, kwa sababu ya mlango mmoja. Wenzangu ofisini waliponiuliza kwa nini naiacha nyumba iliyo jirani kabisa na kazi, niliwaambia natafuta hewa. Ukweli ulikuwa mrefu mno kwa maongezi ya chai ya saa nne.

Ukweli ni kwamba mama yangu hakuwahi kulala kwangu. Anaishi kijijini Migato, na tangu nimzae binti yangu alikuwa amekuja mara tatu. Kila mara alishuka kwenye Hiace asubuhi, akamwogesha mjukuu, akamkanda, akamwimbia, akala peke yake jikoni, na muda wote huo mkoba wake ulikuwa begani au magotini, utadhani yuko stendi. Ikikaribia saa nane, muda wa gari la mwisho, anainuka. Mama ni mtu wa mila za zamani. Kwake yeye mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kulala chini ya bati moja ndiyo kabisa, afadhali alale porini. Sisi tulikuwa na chumba na sebule. Mara ya tatu mtoto alimlilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikalia bila aibu. Mama akasema, "Siku nikipata mlango wangu, nitalala."

Nilimtafutia huo mlango miezi miwili. Madalali walinionyesha nyumba zenye vigae vinavyong'aa, mimi nazunguka moja kwa moja nyuma kutazama uani, wananishangaa. Hatimaye nikaipata Somanda: vyumba viwili, sebule, jiko, na huko nyuma, ng'ambo ya kiwanja kidogo cha saruji, chumba kimoja chenye bati lake, mlango wake na choo chake. Mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, aliniomba radhi kwamba chumba kile kimejitenga. Nusura nimkumbatie.

Basi nikaanza kupanga. Mimi nafanya kazi kitengo cha manunuzi, na nikiri tu kwamba kupanga ndiyo starehe yangu. Nilinunua daftari la jalada gumu. Nikachora ramani ya nyumba mpya, kitanda hapa, kabati pale, mpaka ndoo ya unga nikaichorea mahali pake. Nikaomba maboksi ya sabuni dukani, nikayapa namba, na kila namba ikawa na ukurasa wake. Boksi la saba, vikombe. Boksi la kumi na moja, nyundo, misumari, kamba za pazia. Utepe mwekundu ulikuwa wa jikoni, wa njano wa chumbani kwetu, wa bluu wa Mama. Tutahama Jumamosi, Jumapili nitafunga mapazia, Jumatatu Mama atakuja akute kila kitu kimetulia.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Tanga, mpole kupindukia. Nilimpa kazi ya kufunga vikombe kwa magazeti, nikarudi baada ya saa nzima nikamkuta amefunga viwili, anasoma habari za mpira za mwaka juzi. Nilifoka. Akanisomea matokeo. Ndivyo tulivyojiandaa wiki mbili, mimi nikifoka na yeye akisoma, na sikumbuki wiki nyingine tulizocheka vile.

Jumamosi kirikuu cha kubeba mizigo kilifika saa moja kamili. Safari ya kwanza ilibeba vitanda vyote viwili, chetu cha mninga, tano kwa sita, na kipya cha Mama, tatu na nusu, pamoja na magodoro. Mume wangu aliondoka navyo akiwa amekumbatia ramani yangu. Mimi nilibaki Malambo na mtoto mgongoni, nikipiga tiki kwenye daftari.

Saa tatu nikasikia mtu anabisha hodi kwa sauti niijuayo. Nikageuka na boksi la saba mikononi. Mama! Amesimama mlangoni na mkoba wake begani, kiroba cha michembe, viazi vyetu vya kukausha, kichwani na kuku kwapani.

"Mwangaluka," akanisalimia kwa kilugha chetu.

"Mwangaluka, mayu. Mbona leo? Si nilisema Jumatatu?"

"Mtu anahama Jumamosi, wewe unaniita Jumatatu. Nije kufanya nini, kukagua?"

Kwetu mtu akihama, watu wanakuja kubeba. Mgeni ndiye anayekuja mambo yakishatulia. Katika mipango yangu yote nilikuwa nimemfanya mama yangu mgeni. Nikampokea kiroba, nikaona haya kidogo, kisha nikafurahi mno. Kirikuu kiliporudi, alipanga masufuria humo kwa namna ambayo daftari langu lisingeweza, sufuria ndani ya sufuria, michembe ikijaza nafasi zilizobaki, na kuku juu.

Njiani alikaa mbele na mjukuu wake magotini. "Kwanza kabisa nionyeshe mlango wangu," akasema.

Tulipofika nilimpitisha ubavuni mwa nyumba mpaka uani. Mlango wa bluu, kufuli jipya la funguo mbili, mmoja kwa mume wangu, mmoja mfukoni mwangu. Nikaufungua kwa mbwembwe zote, nikamwambia, "Karibu kwako."

Ndani palikuwa na kitanda chetu, tano kwa sita, kimeshafungwa na kutandikwa shuka letu la maua, na juu ya shuka suruali ya mume wangu imelala kwa kunyooka, miguu yote miwili.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Wakati huohuo mume wangu akatokea mlango wa jikoni, amevaa bukta, jasho linamtiririka, furaha tele, mkono ameunyoosha: "Shikamoo ma—" Kisha akakumbuka. Akarudi kinyumenyume kupitia jikoni mpaka nyuma ya kirikuu. Mama alikuwa ameshageukia ukuta. Niliposogea, akaniuliza polepole, "Gari la mwisho bado ni saa nane?"

Nilimfuata mwanamume yule nikiwa nimepandwa na hasira. Nilimwuliza kama hajui kusoma. Nilimwuliza utepe wa bluu na utepe wa njano zinafanana wapi. Alisubiri nimalize.

"Nilidhani umekosea," akasema. "Kwetu mama mkwe hawekwi uani, mke wangu. Nikasema yeye na mjukuu wachukue nyumba yote, wewe na mimi tulale huku nyuma. Nimemfungia kitanda chumba kikubwa, chenye bafu."

Hasira ilinitoka yote. Nilikuwa nimempa ramani, lakini sikuwahi kumweleza sababu ya mlango ule. Nikarudi kwa Mama nikamwambia alivyosema. Akanisikiliza akiwa bado anatazama ukuta.

"Ana moyo mzuri," akasema. "Lakini mimi nimfukuze mwenye nyumba kwenye nyumba yake? Na hapo ndani pameshalala suruali ya mkwe, nami nilale hapohapo?"

Saa sita ikafika. Nilishusha maboksi bila kutazama namba. Sikuwa na habari tena na vikombe. Niliona miezi yangu miwili inapanda Hiace na kurudi Migato, na mtoto wangu akilia tena mlangoni.

Mume wangu alikifungua kitanda chetu mbao kwa mbao, akakipeleka chumba kikubwa, akakitoa cha Mama kule. Kisha akachota maji, akatia sabuni ya unga, akapiga magoti akasugua sakafu ya chumba cha uani. Akafuta kuta hadi alipofikia kwa mkono. Akafua hata tambara la mlangoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa kiwanja, amempa mgongo, mkoba magotini, mtoto kifuani. Nilijua anasikia kila mkwaruzo wa brashi.

Alipomaliza, mume wangu alisimama mbali, akatazama angani, akasema kwa sauti ya darasani: "Mwanangu, mwambie bibi yako kwamba baba ameosha chumba. Mwambie hakuna kitu cha baba humo."

Mtoto wa miezi minane alikuwa anatafuna ncha ya kanga. Sijui huyu mtu wa Tanga alijifunzia wapi kwamba hivyo ndivyo wakwe wanavyosemeshana kwetu, kwa kupitia mtoto. Labda alikuwa ametusikiliza miaka yote hiyo zaidi ya nilivyodhani.

Mama akamwinamia mjukuu wake. "Mjukuu wangu, mwambie baba yako wabeja, asante sana. Na mwambie avae ile suruali, kuna watu wazima hapa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye saruji. Mume wangu alikimbia kuivaa. Tangu hapo mtoto hakupumzika. Mwambie bibi kitanda kiko tayari. Mwambie baba akisogeze dirishani. Mwambie bibi dirisha lina nyavu. Binti yangu alipeleka na kurejesha habari zote hizo huku akidondosha mate, na nyumba ikapangika haraka kuliko daftari lilivyosema.

Saa nane ilipogonga mimi ndiye niliyeitazama simu. Sikumwambia. Mama aliingia chumbani kwake, akazunguka mara moja, akagusa kuta. Akasimama nyuma ya mlango.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako anipigilie msumari hapa, nitundike mkoba."

"Boksi la kumi na moja!" nikapiga kelele, na mume wangu akakimbia, Mama akatoka kumpisha. Aliupigilia msumari mara tatu, kwa uangalifu, akaondoka. Mama akaushusha mkoba begani, akautundika. Nilikuwa sijawahi kuyaona mabega yake bila ule mkoba ndani ya nyumba yangu.

Akautazama unavyoning'inia. Kisha akamwinamia tena mtoto.

"Na mwambie aongeze wa pili. Wa kanga ya kulalia."