Kipepeo Asiye na Mkia

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, kwa sababu jana nilikuona ukichana mchoro wako mzuri kwa kosa dogo la kalamu. Sina mvi bado, lakini mjomba ni mjomba, na ugonjwa huo wa kutaka kila kitu kisiwe na kasoro naujua. Mimi mwenyewe sijapona.

Waongoza wageni wa Msitu wa Kakamega waliniambia niwaletee picha ya kipepeo niliyemchunguza mwenyewe, ndipo wanipokee kundini mwao. Nilimchagua mmoja mdogo, akikunja mabawa anatoshea kwenye ukucha wa kidole gumba. Dume juu ni buluu ya kuelekea zambarau. Chini ana mistari myeupe kama mawimbi. Mkiani ana madoa mawili meusi na vinyuzi viwili. Jike hutaga kwenye maua ya mitoo, ile mboga ya majani ya shambani kwetu. Kiwavi hutoboa ganda la mbegu, hula mbegu, kisha hujificha kwenye majani makavu mpaka atoke na mabawa. Nilisoma kwenye simu kwamba yuko Afrika nzima, Ulaya, Asia, hadi Australia. Na mimi nilidhani ni wa shambani kwetu tu!

Taabu ni kwamba kila niliyempata alikuwa amekatika mkia. Kukhu, bibi yangu, alikuwa ameniachia mitoo yake bila kuvuna, na alikuwa amechoka kungoja.

"Wadudu wako wanamaliza mbegu zangu. Mwaka ujao tutakulanga obusuma, huu ugali wetu, na mabawa?"

"Ngoja kidogo, Kukhu. Natafuta mzima."

Hapo mmoja mzima akatua, akawa anasuguasugua mabawa, vile vinyuzi vikicheza kama pembe za kichwani. Kabla sijainua simu, mjusi alimrukia. Akamuuma mkiani! Akabaki na kipande cha bawa mdomoni, na kipepeo akahamia ua la pili.

Kukhu alicheka mpaka akashika kiuno. "Ameuma kisogo akidhani ni uso! Sasa niambie, huyo wako ni mbovu ama ni mjanja?"

Nilimpiga picha huyo huyo. Waongozaji waliuliza kwanza: mkia uko wapi? Nilieleza jinsi mkia ulivyomwokoa, mpaka chai yao ikapoa. Wakanipokea.

Kwa hiyo usichane, mwanangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukiona palipokatika, uliza kwanza ni nini kilichookoka hapo. Mungu akupe macho ya kuuliza, na mitoo yako isikose maua.